Kumzoesha mtoto kutunza mazingira na kubana matumizi nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Si lazima usome yote kwa mpangilio. Nenda kwenye swali linalokusumbua, mengine utayarudia baadaye.

Mwanangu ana miaka mitatu tu. Si mapema mno?

Si mapema, ila usimpe somo. Mpe kazi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kupeleka maganda kwenye ndoo yake, kufunga bomba mpaka maji yakatike kabisa, na kuzima taa ikiwa anaifikia swichi. Hataelewa sababu, na haidhuru. Alichokizoea akiwa na miaka mitatu hatakiona kigeni akifika sita, na hapo ndipo "kwa nini" zinapoanza kumwagika.

Umri mtamu kuliko wote ni kati ya miaka saba na kumi. Anasoma namba, anajua kujumlisha na kutoa, anapenda kupewa cheo, na bado anaamini unachomwambia. Kama wako ameshapita hapo na sasa anafunga mlango wa chumba chake, shuka mpaka swali la kijana. Huyo ana njia yake.

Mambo ni mengi. Nianzie wapi?

Anzia penye hasara kubwa. Familia nyingi huanza na vinavyoonekana, kama chupa za plastiki na karatasi, huku hita ya maji ikiwaka kutwa. Kwa kawaida pesa za nyumbani huvujia mahali patatu: kila kifaa kinachotoa joto au baridi, maji, na chakula kinachotupwa. Tazama bili ipi inakuuma zaidi, kisha shughulikia hiyo peke yake kwa mwezi mzima. Mtoto ukimrundikia mambo kumi kwa mpigo atashika mawili, na wewe utabaki kuwa polisi wa nyumba.

Kila siku namwambia azime taa, lakini kwake umeme ni kama hewa. Nifanyeje aelewe?

Mpeleke kwenye mita. Mita nyingi za kidijitali zina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Zile za zamani zina kisahani kinachozunguka, kazi ni ileile. Zimeni kila kitu ndani, kisha msimame mbele ya mita. Taa inapepesa mara moja moja, au imetulia tuli. Sasa mtu mmoja awashe balbu. Mtoto hataona tofauti kubwa. Awashe televisheni: taa inachangamka kidogo. Halafu awashe birika la umeme au pasi, na taa ile inaanza kupepesa kwa kasi mpaka mtoto anashindwa kuihesabu.

Dakika kumi za namna hiyo zinazidi mwaka mzima wa "zima taa!" unaopigiwa kelele kutoka sebuleni. Amekwisha kuona kwa macho yake kwamba vifaa havilingani kwa ulaji.

Baada ya hapo mkabidhi daftari. Kila jioni asome mita aandike namba, kisha atoe ya jana kwenye ya leo. Siku moja atakuja mbio kukuambia leo tumetumia mara mbili ya jana, na mtakaa pamoja kutafuta mlichofanya. Jibu mtalipata wenyewe: ilikuwa siku ya kupiga pasi, au hita ilisahauliwa. Na kama vyote vimezimwa lakini mita bado inakimbia, huo ni ugunduzi mwingine. Huenda kuna kifaa kilichosahaulika au hitilafu kwenye nyaya, na inafaa kumwita fundi.

Ni vifaa gani hasa vinavyokula umeme? Kuchomoa chaja ya simu kuna maana yoyote?

Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Mfundishe mtoto hilo, halafu muulize uniti hiyo inatosha nini. Balbu ya LED ya wati 10 itawaka saa 100. Balbu ya zamani ya wati 60 haifiki saa 17. Simu ya kawaida utaichaji mara 40 au zaidi. Hita ya kuogea ya papo kwa papo yenye wati 5,000? Dakika 12, imekwisha.

Kwa hiyo chaja iliyobaki kwenye soketi bila simu si jambo la kugombana. Chaja nyingi za kisasa zikiachwa hivyo hula chini ya nusu wati, na mwezi mzima haifiki hata nusu uniti. Ukimkaripia mtoto kwa chaja kisha wewe mwenyewe ukakaa dakika ishirini chini ya maji ya moto, hesabu anazijua, na atakuuliza.

Tumia nguvu zako kwenye joto. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula takribani sehemu moja ya kumi ya uniti, kwa hiyo anayejaza birika kwa ajili ya kikombe kimoja anachemsha maji ya bure. Apime kwa kikombe atakachonywea. Sufuria ifunikwe. Nguo zipigwe pasi kwa pamoja, badala ya shati moja kila asubuhi, kwani kuipasha pasi upya kila siku ni gharama. Friji ifunguliwe mtu akijua anachotaka, asije akasimama mbele yake kama anayechagua filamu. Mpira wa mlango wake unapimwa kwa karatasi: ibane mlangoni, uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umelegea na baridi inatoroka. Kazi hiyo mpe mtoto.

Na maji?

Maji yana raha yake kwa sababu yanapimika kwa ndoo. Mwekee mtoto ndoo chini ya bomba, fungua kama anavyofungua akipiga mswaki, uhesabu dakika mbili. Kama bomba linatoa lita sita kwa dakika, na mabomba mengi hutoa hapo au zaidi, ndoo itakuwa na lita 12. Mwambie aiinue. Mikono yake itakumbuka uzito ule kuliko masikio yatakavyokumbuka maneno yako. Kisha mpe kikombe kimoja asukutulie.

Bomba la mvua lipimwe vivyo hivyo. Likijaza ndoo ya lita 10 kwa dakika moja, kuoga dakika tano ni lita 50, na maji hayo yakiwa ya moto, mnalipia mara mbili: maji na umeme. Watoto hupenda kushindana na saa, ila wadogo wasimamie wasije wakatoka na sabuni masikioni.

Halafu kuna uvujaji, na huo ndio unaokula kimyakimya. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linadondosha matone 86,400 kwa siku. Matone kama 4,000 hufanya lita moja, kwa hiyo ni zaidi ya lita 20 kila siku, usiku na mchana, mkiwa mmelala. Mwache mtoto afanye hesabu hiyo mwenyewe kwa kuweka jagi chini ya bomba kwa saa moja na kuzidisha. Mara nyingi kinachohitajika ni washa, yaani kipete kidogo cha mpira cha ndani ya bomba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni bili.

Choo cha kuvuta nacho kina siri yake. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi, msivute maji kwa nusu saa, kisha mtoto akachungulie. Rangi ikionekana kwenye bakuli, maji yanapita bila mtu kujua. Hakuna mtoto anayekataa kazi ya kutia rangi chooni.

Anabakiza chakula kila mlo. Nimlazimishe amalize?

Hapana. Kumlazimisha mtoto ale akiwa ameshiba ni kuhamisha taka kutoka kwenye sahani kwenda tumboni. Pakua kidogo, aongeze. Kanuni ya nyumba iwe: ulichojipakulia mwenyewe, unakimaliza. Mtoto akipewa upawa ajipakulie, baada ya siku chache za kukosea huanza kupima.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa (UNEP) ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. Si viwandani wala mahotelini: jikoni kwetu. Chakula hicho kikifukiwa dampo mahali pasipo na hewa, huoza na kutoa methani, gesi inayopasha joto angahewa kwa nguvu kubwa kuliko kaboni dioksidi.

Jikoni, mpe mtoto rafu moja ya kusimamia. Kila kinachokaribia kuharibika akiweke mbele, kipya kiende nyuma, na kabla ya kwenda sokoni yeye ndiye atoe ripoti ya kilichopo. Viporo viingie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kupikwa, na friji iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo. Wenye viporo vingi wateue siku moja ya wiki ya kuvimaliza kabla ya kupika kipya.

Nimlipe kwa kuzima taa na kutenganisha taka?

Mimi nasema usimlipe kwa kila tendo. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti juu ya watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti mapema ili wachore. Baadaye, walipoachwa wachague mchezo wenyewe, walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hamu yao haikushuka. Ukianza kulipa kwa kila swichi, siku pesa ikikatika taa zitabaki zinawaka.

Kugawana kilichookolewa ni kitu kingine kabisa, na hiyo naiunga mkono. Chukueni bili ya miezi mitatu iliyopita mpate wastani. Bili ikishuka chini ya wastani, tofauti hiyo ni ya familia, na sehemu yake watoto waamue wenyewe itumikeje. Weka pesa halisi kwenye kopo la kioo, si ahadi ya mdomo. Ikipanda, kopo halipati kitu na hakuna anayekaripiwa. Hapa mtoto halipwi kwa utii. Anajifunza kwamba kisichotumika hakipotei, kinageuka kuwa kitu kingine. Ukichelewa kutia pesa kwenye kopo hata mara moja watakushitaki, na watakuwa na haki.

Kila akiona tangazo anataka kitu kipya. Nitamzuiaje?

Humzuii, unamchelewesha. Andikeni ombi kwenye karatasi pamoja na tarehe, mlibandike ukutani, mlitazame tena baada ya wiki nne. Maombi mengi yatakuwa yamekufa yenyewe. Yaliyobaki hai yana uzito, na hayo muyazungumze: kinapatikana kilichotumika? Kuna wa kuazimana naye? Kikiharibika, kinatengenezeka?

Nguo na vitabu vya kurithishana ni akiba kubwa, lakini kitinda mimba anayevaa za wengine siku zote huja akaona ananyimwa. Mwachie naye achague kimoja kiwe kipya. Na mfundishe kushona kifungo. Mtoto wa miaka tisa akishika sindano kwa nusu saa na kifungo kikashika, lile shati hatalitupa ovyo.

Bidhaa zinazoitwa "rafiki kwa mazingira" ni ghali. Lazima ninunue?

Hapana. Chupa uliyonayo, hata iwe ya plastiki, itumie mpaka ichoke. Kuitupa ili ununue ya bati yenye picha ya jani ni kupoteza mara mbili. Ninachoona kinastahili bei yake ni balbu za LED, na betri za kuchajiwa kwa nyumba yenye midoli mingi inayotumia betri. Mengine nunua cha zamani kikifa.

Tunatenganisha taka, kisha gari la taka linachanganya zote. Si kazi bure?

Ukiona zinachanganywa, mtoto naye ameona, kwa hiyo usimdanganye. Elekeza nguvu kwenye vitu vyenye njia ya uhakika. Taka za jikoni mnaweza kuzigeuza mboji wenyewe, na gari halihusiki. Makopo ya alumini na vyuma kwa kawaida yana wanunuzi, maana kuyeyusha alumini ya zamani kunahitaji takribani asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya kutoka kwenye mawe. Plastiki ni ngumu zaidi. Ile namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chupa inaeleza aina ya plastiki tu, haiahidi kwamba kuna mtu ataichukua. Ulizeni wakusanyaji wa eneo lenu wanachukua zipi, mtoto aandike orodha aibandike juu ya ndoo. Isiyo na mchukuzi, jibu lake ni kuinunua kwa uchache.

Kuzichoma nyuma ya nyumba si jibu. Moshi wa plastiki una sumu, na watoto ndio wanaovuta hewa wakiwa karibu na ardhi.

Mboji haitanuka na kuleta panya?

Hunuka ikiwa imelowa mno au haina hewa. Kila ndoo ya maganda na mabaki ya mboga ifuatiwe na ndoo mbili au tatu za vikavu: majani makavu, maboksi yaliyochanwachanwa, vumbi la mbao. Igeuzeni kila wiki. Panya huja kwa ajili ya nyama, mifupa, mafuta na chakula kilichopikwa, kwa hiyo hivyo visiingie kabisa. Asiye na uwanja anaweza kutumia ndoo yenye matundu na mfuniko. Mboji iliyo tayari ni nyeusi, inamumunyuka mkononi, na inanukia udongo baada ya mvua. Mtoto akiitia kwenye chungu cha mche wake, ataelewa mzunguko ule bila mchoro.

Kijana wangu wa miaka 14 anaona yote haya ni ushamba.

Basi acha kumpa kazi za watoto. Kijana mpe madaraka na takwimu. Mkabidhi bili nzima ya umeme: aichambue, apendekeze, na akipunguza, mgawane kwa asilimia mliyokubaliana mapema. Mwache alinganishe balbu au friji kwa gharama ya miaka mitano, bei ya kununua na ya kuendesha kwa pamoja. Wengi watagundua kwamba cha bei rahisi dukani ndicho ghali nyumbani. Kijana anayedharau "kuokoa dunia" anaweza kupenda sana kumshinda baba yake kwa hesabu.

Usimkosoe mbele ya marafiki zake. Na ukimwona amezima kitu bila kuambiwa, nyamaza. Sifa nyingi zitamfanya aache.

Wengine nyumbani hawafuati. Babu anaacha redio usiku kucha.

Mtoto asitumwe kumrekebisha mtu mzima. Hilo huleta ugomvi na kumfanya mtoto mjeuri. Zungumza wewe na mkubwa mwenzako pembeni, kwa heshima, na ukubali kwamba mengine hayatabadilika. Redio ndogo hula wati chache tu. Kumbuka vilevile kwamba wazee wengi wanajua kutengeneza, kuhifadhi na kutumia tena kuliko wewe. Mwombe babu amfundishe mjukuu kitu kimoja, na huenda siku hiyo akaizima redio mwenyewe.

Mtoto ameanza kuogopa kwamba dunia inakwisha. Nimwambie nini?

Usimcheke, na usimwambie "hakuna shida". Muulize amesikia nini na wapi, kwa sababu mara nyingi ameunganisha vipande vya habari vibaya kuliko vilivyo. Mwambie kweli kwa kiasi cha umri wake: joto la dunia linaongezeka, watu wengi wanalifanyia kazi, na mzigo huo si wake. Kazi za nyumbani zisiwe adhabu ya hofu. Mtoto anayelala akiwaza kwamba aliacha taa inawaka, hivyo barafu imeyeyuka, ameshabebeshwa kupita kiasi. Mpumzishe kwenye daftari la mita kwa muda. Hofu ikimnyima usingizi au chakula kwa wiki kadhaa, zungumza na mtaalamu wa afya.

Itachukua muda gani mpaka awe anafanya bila kukumbushwa?

Muda mrefu kuliko unavyotaka. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia watu wazima 96 waliojaribu kujenga tabia mpya. Wastani ulikuwa siku 66, lakini kulikuwa na tofauti kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hao ni watu wazima waliotaka wenyewe, kwa hiyo kwa mtoto uwe na subira zaidi. Kinachosaidia ni kuliunganisha jambo jipya na la zamani: akivaa viatu vya kutoka, anazima taa ya chumba. Akiweka sahani, anamwaga maganda. Alama ya rangi kando ya swichi inakumbusha vizuri kuliko sauti yako, na haichoshi.

Kuna kazi ambazo mtoto asipewe?

Zipo. Asichomoe waya kwa kuuvuta wala kwa mikono yenye maji, na wadogo wasiguse soketi kabisa. Wao wazime swichi tu. Pasi na birika viwe vya mtu mzima au kijana aliyefundishwa. Mitungi ya gesi asiiguse. Asichambue taka zenye vioo vilivyovunjika, sindano au chupa za dawa ya wadudu, na anayeshika taka nyingine avae glavu na kunawa kwa sabuni. Betri zilizokwisha zisichomwe wala kutobolewa. Zile ndogo za duara, za saa na rimoti, ziwekwe juu asikozifikia, kwani mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Ukishuku amemeza, usisubiri dalili: mpeleke hospitali papo hapo.